Deni la Chui

Mwaka wa elfu mbili na kumi na tisa, kiangazi kilipokuwa kikielekea ukingoni na nyasi zimekauka hadi kufanana na ngozi ya simba, dereva mmoja wa watalii aliichukua familia yake kuitembeza katika hifadhi tatu za taifa kwa muda wa siku nne. Kazi hiyo alikuwa ameifanya kwa miaka ishirini na miwili. Watu wa mataifa yote walikuwa wamekaa nyuma ya kisogo chake wakaona tembo, twiga na viboko. Lakini mkewe, mama yake mzazi na binti yake wa pekee hawakuwa wameona hata swala, isipokuwa katika kalenda ya kampuni iliyotundikwa jikoni.

Gari lilitolewa na Tajiri, mwenye kampuni, kwa moyo wa ukarimu ambao haukumgharimu kitu. Msimu huo wageni walikuwa wachache na gari lingelala tu uani. “Mafuta juu yako,” alisema, “na Jumatatu uwe umerudi. Watu wa bima wanataka madereva wote wapimwe macho.” Mke wa dereva alikuwa ameikuta barua ya vipimo hivyo mfukoni mwa shati alipokuwa akilifua, akaisoma, akaikunja, akairudisha mahali pake. Hakuona la kuuliza. Madereva wenzake walimwita mumewe Jicho, kwa kuwa enzi zake alimtambua chui kwa ncha ya mkia tu, ikining'inia katikati ya majani. Mtu aitwaye Jicho apimwe nini?

Mke huyo alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yao, na miaka mingi ya kumngoja mume aliyerudi na vumbi na kuondoka na nguo safi ilikuwa imemfundisha kutofurahi mapema na kutohuzunika mapema. Alipoambiwa habari za safari aliuliza jambo moja tu: “Mama tutamwachia nani?”

“Naye anakuja,” alijibu Jicho. “Wote mnakuja. Mwaka huu au basi tena.”

Fundi aliyasikia maneno hayo ya mwisho, akayaacha yapite kama alivyoyaacha mengi.

Katika lango la hifadhi ya kwanza, Jicho alisimamisha gari, akageuka kitini, akakohoa kidogo kusafisha koo. “Karibuni sana, wageni wetu,” alisema kwa sauti ambayo hawakuwahi kuisikia nyumbani, laini na ya kukariri. “Tafadhali msishuke garini, msiwape wanyama chakula, na maji ya kunywa yamo katika kisanduku kilicho nyuma yenu.”

“Wageni nani?” aliuliza Bibi. “Mimi si ndiye niliyekuzaa?”

Binti yao, aliyeitwa Kitinda kwa kuwa baada yake hawakupata mwingine, alicheka hadi akajishika tumbo. Jicho naye alitabasamu, kwa kuchelewa, kama mtu aliyeamshwa. Kisha alilifungua paa la gari, binti akasimama juu ya kiti, kichwa nje.

Mchana walisimama mahali palipowekwa meza za wageni kulia chakula. Fundi alitandika kitambaa, akagawa mkate na mayai ya kuchemsha. Alipoinua macho alimwona mumewe yuko palepale nyuma ya usukani, yai limo mkononi, anakula peke yake na dirisha limefunguliwa nusu.

“Huyo mbona kajitenga kama mwenye upele?” aliuliza Bibi.

Fundi aliliendea gari. “Njoo mezani.”

“Meza ni za wageni.”

“Na leo wageni ni akina nani?”

Jicho alifikiri kwanza, kama aliyeulizwa swali gumu, kisha alishuka. Aliketi ukingoni mwa benchi, nusu ya mwili nje, tayari kuinuka mtu akimkemea. Fundi alimnyooshea kikombe cha chai kutoka ubavuni. Hakukipokea. Mkono ulikaa hewani mpaka ukachoka, na Jicho anaendelea kutazama mbele kana kwamba hakuna aliyempa kitu. Fundi alikiweka kikombe mezani. Alidhani ni uchovu, au ni ile hali ya watu wawili waliokaa pamoja muda mrefu hata wakaacha kupokeana vitu.

Alasiri ile Kitinda aliona kila kitu, baba yake hakuona chochote.

“Baba, twiga! Baba, umewapita!”

“Nimewaona, mwanangu.”

“Ungesimama basi!”

“Wako wengi mbele.”

Mbele hawakuwako. Kilichokuwako ni sauti ya redio ya upepo, ikikwaruza kama kucha juu ya bati: “Jicho, Jicho, Kasuku hapa. Simba watano, njia panda ya mto. Umenipata?”

“Nimekupata, Kasuku. Nakuja.”

Walipofika waliwakuta simba wamelala chini ya kichaka, matumbo juu, wamezungukwa na magari manne. Kasuku alikuwa dereva mnene mwenye kofia ya kitambaa, asiyeweza kuuona mdomo wake umefungwa bila kuufungua. Alilisogeza gari lake hadi vioo vikakaribiana.

“Shikamoo, mama,” alimwamkia Bibi. “Karibu porini. Mwanao huyu siku hizi tunamlisha sisi. Mwaka mzima anakula simba wa watu.”

“Marahaba,” alijibu Bibi. “Kama anakula simba, mbona amekonda?”

Kasuku alicheka mpaka simba mmoja akainua kichwa. “Lakini Jicho, utani kando. Lipa, kaka. Deni likikaa sana huota ndevu.”

Jicho aliinua mkono tu. Walipoondoka, Bibi alitaka kujua ni deni gani hilo, na Jicho alimweleza akiwa ameikazia macho njia. Madereva wa hifadhini walikuwa na sheria yao, haikuandikwa popote. Anayemwona mnyama adimu huwaita wenzake kwa redio, na kila aliyeitwa huwa amekopa: naye akimwona wa kwake sharti aite. Mgeni asiyeona simba hununa, na mgeni aliyenuna haachi bakshishi. Kwa hiyo aliyeitwa amelishwa. Asiyeita wengine, ama ni mchoyo, ama ni kupe.

“Na wewe ni yupi?” aliuliza Bibi.

“Mimi nimekuwa na bahati mbaya tu, mama.”

Siku ya pili, katika hifadhi ya pili, bahati hiyo ilitaka kugeuka. Jicho alikata kona ya mto mkavu, akapunguza mwendo, akafunga breki. “Chui,” alinong'ona. “Mti ule wa tatu. Tawi la kulia.” Kabla mtu hajajibu, alikuwa ameshachukua kipaza sauti cha redio. “Wote, wote, Jicho hapa. Chui juu ya mti, mto mkavu, mti wa tatu. Njooni.”

“Yuko wapi, baba?” aliuliza Kitinda.

“Hapo. Mkia huo unaning'inia.”

Binti alitazama, akatazama kwa darubini, akatazama tena. “Baba, hilo ni tawi.”

Fundi naye alitazama. Lilikuwa tawi lililovunjika na kukauka, gamba limebanduka likaning'inia. Lakini vumbi lilikuwa limeshatimka pande zote. Magari sita yalifika mbio, wageni wamesimama na kamera zao, na kwa muda mfupi watu thelathini walikaa kimya wakilistahi tawi. Kisha mgeni mmoja alicheka. Mwingine akalipiga picha. Kasuku aliondoa kofia yake, akaishika kifuani kama aliye msibani.

“Jicho,” alisema, “deni umelipa, lakini noti ni ya bandia.”

Dereva wa gari lililofuata hakucheka. Huyo aliitwa Kobe kwa uendeshaji wake wa taratibu, na walikuwa wameanza kazi mwezi uleule, yeye na Jicho. Alimtazama rafiki yake kwa muda, akasema, “Chui alikuwa akilala mti huu. Zamani lakini. Miaka mitatu sasa.” Halafu akaondoka polepole.

Hata Bibi, aliyekuwa kamusi nzima ya mizaha, alikuta ukurasa mtupu. Fundi alikitazama kisogo cha mumewe, jasho linafuata mstari wa nywele, akakikumbuka kikombe. Akakumbuka pia mlango wa kabati uliompiga mwaka jana, na chai aliyoimimina pembeni ya bakuli, na jinsi alivyoacha kutembea naye bega kwa bega sokoni, akawa anatangulia. Aliviweka vitu hivyo pamoja kama avipangavyo vipande vya sare kabla ya kushona: mikono, mgongo, ukosi. Nguo ilikamilika. Alingoja kushtuka, lakini mshtuko haukuja.

Siku ya tatu walikuwa katika barabara ya lami iunganishayo hifadhi ya pili na ya tatu, barabara ya watu, yenye maduka, shule na mbuzi. Mwanamke mmoja mwenye ndoo ya maji kichwani alitoka upande wa kushoto kuvuka. Fundi alimwona tangu mbali. Alimwona akisimama, akipima, akianza. Alingoja mguu wa mumewe uinuke kwenye mafuta. Haukuinuka.

“Simama!” alipiga kelele. “Simama! Mtu!”

Matairi yalilia. Gari lilipiga mshazari likasimama, na ndoo ikapasuka mbele ya bampa. Mwanamke alikuwa amekaa chini barabarani, mzima, amelowa. Alipoipata sauti yake aliitumia yote.

“Una macho ya nini wewe? Ya kupambia uso?”

“Nisamehe, dada,” alisema Jicho. “Umetokea wapi?”

“Nimetokea wapi? Nimetokea mbinguni! Barabara nyeupe hii, mtu mzima mimi, jua la saa sita!”

Watu walianza kukusanyika. Fundi alishuka, akamwinua mwanamke yule, akampangusa vumbi kwa upande wa nguo yake mwenyewe, akamwomba radhi kwa jina la wote. Akampa dumu la maji la gari likiwa limejaa, badala ya ndoo. Mwanamke alilipokea akaendelea kutukana hadi alipofika ng'ambo. Kisha watu walitawanyika, kwa kuwa hakuna aliyekufa.

Fundi hakurudi kiti cha nyuma. Alifungua mlango wa mbele, akaketi ubavuni mwa mumewe. Nyuma, Kitinda alikuwa amejifunika uso, na Bibi amefumba macho kama aliyelala.

“Tangu lini?” aliuliza fundi.

“Mwaka juzi.”

“Unaona nini?”

“Naona mbele. Mbele naona vizuri, hata bango lile nalisoma. Pembeni hakuna kitu. Ni kama kuchungulia katika bomba.” Alikuwa ameushika usukani kwa mikono miwili ingawa gari lilikuwa limezimwa. “Ni presha ya macho. Ile chupa ya matone uliyodhani ni ya kutoa vumbi machoni.”

“Ungetuua.”

“Ningewaua.”

Waliyasema hayo kama watu wanaozungumzia mvua. Lori lilipita, likalitikisa gari, likaenda.

“Jumatatu utafanyaje?”

“Jumatatu nitafaulu. Wanaweka ubao ukutani, unasoma herufi. Herufi ziko mbele. Nitazisoma zote mpaka mstari wa chini. Hawapimi pembeni.”

“Na Jumanne?”

“Jumanne nina wageni. Mume na mke na mama mkwe. Na mtoto mchanga.”

Fundi aliitazama mikono yake juu ya mapaja, vidole vilivyojaa matobo madogo ya sindano. Januari Kitinda angeanza sekondari. Cherehani ingelisha nyumba, lakini isingelipa karo. Au ingelipa karo, lakini nyumba isingekula. Hesabu hiyo aliifanya mara mbili, na mara zote mbili jibu lilikuwa lilelile. Hakumwambia mumewe afaulu, wala hakumwambia asifaulu.

“Mbona ulituleta basi?”

“Daktari wa mjini amesema bomba linazidi kuwa jembamba. Nilitaka niwaone mkiwaona hao wanyama. Niwaone nyinyi, si wao. Wao nimewaona.”

Hakukuwa na mwingine wa kuendesha. Aliwasha gari, wakaenda kwa mwendo wa mtu anayebeba mayai, na fundi akawa anasema njia nzima: “Kushoto, mbuzi. Kulia, baiskeli. Kushoto, watoto wa shule, simama.” Sauti yake haikuwa na hasira wala huruma. Ilikuwa sauti ileile aliyowasomea wateja vipimo vya viuno vyao.

Baada ya muda mrefu Bibi alisema, macho bado yamefumbwa, “Mimi nilijua tangu alipoacha kuniona nikipita mlangoni. Nikadhani ni kiburi. Nikasema, mwanangu amekuwa mkubwa.”

Asubuhi ya nne, ya mwisho, waliingia hifadhi ya tatu jua likiwa bado chini. Fundi alikuwa kiti cha mbele, Kitinda amesimama juu. Walikuwa wamekwisha kuona pundamilia na nyumbu, na Bibi alikuwa amemlinganisha kiboko na jirani yao mmoja, wakacheka kidogo, kwa tahadhari.

“Baba, simama,” alisema Kitinda. Hakupiga kelele. “Rudi nyuma kidogo. Hapo. Mti wenye shina lililopasuka, kushoto.”

“Kuna nini?”

“Chui. Na watoto wake wawili. Wanacheza na mkia wake.”

Fundi aligeuka. Hakuhitaji darubini. Chui jike alikuwa amelala juu ya tawi nene kama mtu aliyejilaza kitandani mwake, na watoto walikuwa wakirukia mkia wake, wakianguka, wakirukia tena. Fundi alikishika kidevu cha mumewe, akakigeuza taratibu kuelekea kushoto, kama anavyomgeuza mteja mbele ya kioo, mpaka alipohisi pumzi yake imesimama.

“Nimewaona,” alisema Jicho. “Wote watatu.” Macho yake yalikuwa makavu. Baadaye kidogo alisema, “Miaka ishirini na miwili, sijawahi kumwona akiwa na watoto wawili.”

Mkono wake ulikwenda kwenye redio, ukasimama.

“Hawatakuja,” alisema. “Nimeshawaita kuona tawi.”

“Waambie nani ameona,” alisema fundi.

Jicho alimwelewa. Alimtazama mkewe, kwa kugeuza kichwa chote kama inavyombidi. Redio ile waliisikiliza madereva wote, na ofisini ilikuwako nyingine, juu ya meza ya Tajiri, ambayo asubuhi haikuzimwa kamwe. Fundi aliona kwamba jibu ambalo jana hakulitoa lilikuwa limeshatoka, na halikuwa la kurudishwa.

Jicho alibonyeza kitufe. “Wote, wote, Jicho hapa. Chui jike na watoto wawili, njia ya bonde, mti uliopasuka.” Hakukiachia kitufe. “Aliyeona si mimi. Ameona binti yangu. Mimi pembeni sioni tangu mwaka juzi. Njooni.”

Redio ilikwaruza. Kisha ilisikika sauti nyingine, kavu, ya mtu aliye chumbani: “Jicho, ofisi hapa. Rudia.”

“Chui jike na watoto wawili,” alirudia Jicho. “Mimi sioni pembeni tangu mwaka juzi, Tajiri.”

Chui alipiga miayo. Mtoto mmoja alianguka kutoka tawini, akaparamia upya.

“Kobe hapa,” ilisema redio. “Nakuja. Na wewe Jicho, usiendeshe kurudi. Wageni wangu wanaondoka kwa ndege adhuhuri. Nyinyi nitawarudisha mimi.”

Kobe alifika wa kwanza, kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Kisha yalifika magari mengine, moja baada ya moja, na wageni walifunika midomo yao kwa mikono. Dereva mmoja alipita karibu, akagusa ukingo wa dirisha la Jicho kwa vidole viwili, akaendelea. Njia ya bonde ilikuwa nyembamba, yenye magugu pande zote, na kuiacha kulikatazwa. Mahali pa kumwona chui palitosha magari matano. Gari la sita lilikuwa la Kasuku. Lilisimama nyuma ya kichaka, wageni wake wamenyoosha shingo, hawaoni chochote. Kasuku alikuwa amevaa kofia yake, kimya, na kimya hicho hakikumkaa vizuri.

Jicho aliwasha injini.

“Unakwenda wapi?” aliuliza Bibi. “Mimi sijamaliza kumtazama.”

“Mama, mahali hapa si petu. Tunadaiwa.”

Bibi alimtazama chui kwa mara ya mwisho, akarekebisha kitambaa chake kichwani. “Haya,” alisema. “Dawa ya deni.”

Jicho aliingiza gia ya kurudi nyuma. Hakutazama kioo cha kulia wala cha kushoto, kwa kuwa havikuwa na kitu cha kumwambia. Alimsikiliza mkewe.

“Nyuma,” alisema fundi. “Nyuma tena. Kata kulia kidogo. Polepole, kuna jiwe. Nyuma. Simama.”

Gari la Kasuku lilipita mbele yao, likaingia mahali palipoachwa wazi, na wageni wake wakainuka wote kwa pamoja. Jicho alizima injini, akachomoa ufunguo, akamwekea mkewe mkononi.